Presha Yangu Iko Sawa na Nimekasirika

Leo nimelia kliniki hapa Bondo kwa sababu presha yangu iko sawa.

Msicheke.

Mwezi jana daktari alimwambia mke mwenzangu kwamba moshi wa kuni unamharibia mishipa ya damu na kuuchosha moyo. Mzee wetu akamletea mtungi wa gesi. Mpya!

Mimi, mke wa kwanza, bado napuliza kuni nikikohoa.

Kwa hivyo leo nimekimbia kupimwa. Nikamwomba nesi arudie.

“Mama, uko sawa. Shukuru Mungu.”

Kufika nyumbani, Mzee anacheka. “Si nilijua wewe ni mgumu!” Halafu anataka nimkaangie samaki wa ngege.

Wenzangu, niambieni: mpaka moyo uharibike ndio mtu anunuliwe gesi?