Vidonge Kwenye Chai ya Filimbi

Dada yangu alikuwa fundi magodoro, na mtaa mzima ulimwita Filimbi kwa sababu kifua chake kilipiga mluzi hata alipokaa kimya. Mwenyewe alicheka. "Wenzangu wananunua redio," alisema, akichambua pamba kuukuu huku vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilimwambia aache kazi hiyo, akaniuliza sasa akashone nini, mawingu?

Pumu yake ilikuwa kali mno, dawa ya kuvuta haikufua dafu. Daktari akamweleza: "Kuna aina moja ya seli nyeupe za damu. Zikizidi, zinavimbisha njia za hewa. Ipo sindano ya kuzipunguza, lakini lazima kipimo kionyeshe ziko juu. Kwa hiyo usimeze vile vidonge vya pumu nilivyokupa kabla ya kupima, vinazishusha. Ukizidiwa, njoo hapa."

Dada alilishika neno hilo barabara. Siku tatu kabla ya kipimo alibanwa, midomo ikawa ya kijivu, na bado akakataa vidonge. Hospitali nayo hakutaka kwenda. Kwetu mtu haendi kwa daktari na sura ya mgonjwa. Mama alitulea hivyo, unaoga, unapiga nguo pasi, unaingia kwa miguu yako. Basi nikasaga vidonge nikamtilia kwenye chai, asubuhi tatu mfululizo. Akapata nafuu, akanisifu kwa chai nzuri. Nilijiona mjanja, mjinga mimi.

Majibu yakatoka: seli ziko chini kabisa. Daktari alimkazia macho. "Ulimeza vidonge?"

"Sijagusa hata kimoja, daktari. Muulize mdogo wangu."

Wote wawili wakanigeukia. Niliona aibu, sikutaka dada ajue nilimzunguka.

"Hajagusa," nikasema.

"Basi sindano hii haitakufaa, dada. Pole."

Alirudi kwenye pamba zake. Kila siku nilijiambia kesho nitamweleza, na kila kesho nilipata kisingizio. Alifariki miezi mitatu baadaye, ameinamia godoro la mteja.

Nilipokwenda kuchukua karatasi za kifo, nilimwambia daktari yote. Alivua miwani.

"Ungesema tu siku ile," alisema. "Tungesubiri mwezi mmoja, tukampima tena."