Msifungue Bandeji

Mdogo wangu alijikata mguu kwa jembe huko Rugaaga, tulikokwenda kulima shamba la watu. Mimi ndiye mkubwa kwa wadogo zangu wote. Wazazi walipofariki niliacha shule, na tangu hapo mguu wa mtoto ukiumia ni kazi yangu. Niliuosha kwa maji ya chumvi kila asubuhi, kama mama alivyokuwa akifanya. Ukatunga usaha tu, ukanuka hadi akaona aibu kulala karibu na wenzake.

Kwenye zahanati moja ya Nyamitanga, ng'ambo ya mto pale Mbarara, muuguzi alikifunika kidonda kwa kitambaa cha kijivu chenye madini ya fedha, yanayoua vijidudu. Juu yake akafunga bandeji.

"Usifungue mpaka mrudi Ijumaa," aliniambia. "Na chumvi wacha kabisa, inaharibu hii dawa. Mkichezea huu mguu, utakatwa. Umesikia?"

Nilisikia. Kashojwa, kijiji tunachoishi, haikusikia.

Kwetu, ukija kumpa mgonjwa pole, unaonyeshwa kidonda. Usipoonyeshwa, unaondoka ukijua umefichwa kitu. Walikuja majirani, wakaja wanakwaya, na kila mmoja aliinama: "Fungua kidogo tu tuone." Nilikataa hadi nikachoka kukataa. Wakasema Mbarara imenipa kiburi.

Jumatano nilikwenda kuchota maji. Niliporudi, bandeji ilikuwa ndani ya beseni, na mama jirani, aliyetufaa kuliko ndugu zetu wa damu, alikuwa anamwaga maji ya chumvi juu ya mguu.

"Mama! Nilisema nini?"

"Weye! Kitambaa kilikuwa nyeusi fasi yote. Mutoto anaoza, na weye unakatala tuangalie!"

"Ni dawa ndiyo inayogeuka nyeusi!"

"Sasa mbona haukusema?"

"Yaya alisema," mdogo wangu, ambaye huniita hivyo, alijibu huku akilia. "Alisema kila siku musifungue."

Nikamrudisha Mbarara. Muuguzi hakunigombeza. Aliweka kitambaa kingine, akasema hana tena kingine baada ya hicho.

Sikuweza kuacha shamba nikae nikilinda mguu. Nikamwendea mama jirani, hasira bado imenijaa. "Mama, mlangoni utakaa wewe. Safari hii kikifunguliwa, kila mtu atajua ni nani."

Jioni, nikirudi na jembe, nilimsikia tangu njiani.

"Pole mutaisemea hapa inje! Munataka kuona nyama? Muende ku bucheri!"

Ijumaa ya wiki iliyofuata alikuja nasi Mbarara bila kualikwa. Muuguzi alipofungua, nyama ilikuwa nyekundu, safi, haina harufu. Mama jirani aliinama kabla yangu, akatazama kwa muda mrefu.

"Iko muzuri," alisema, kana kwamba yeye ndiye aliyekitibu.

Nikaushika mguu wa mdogo wangu usitikisike, muuguzi afunge.