Mswada Umesomwa Mara ya Kwanza

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu husema sitamsumbua mtu kunichimbia kaburi, kwani miguu ya kiti changu pale jikoni inalichimba polepole. Baridi ya Molo ndiyo sababu yangu. Lakini sacco yetu ya wakulima ilipoishiwa na pesa na kufuli kubwa ikaning'inia mlangoni, ilibidi nivae koti. Humo ndani mlikuwa na akiba ya mke wangu, aliyoiweka kidogo kidogo kutoka kwa maziwa ili anunue mbegu za viazi. Na mvua ilikuwa inakaribia.

"Mheshimiwa anakuja uwanja wa shule," akaniambia. "Enda umuulize pesa zinatoka lini. Na usiniletee hadithi."

Nilimletea hadithi. Mbunge wetu alitupa pole vizuri sana, kisha akasema mswada wa kuokoa wanachama wa sacco umeshasomwa bungeni mara ya kwanza. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga mpaka mikono ikapata joto, jambo ambalo kwetu si la kudharau. Nilifika kidato cha nne, na kwa akili yangu ya kidato cha nne, kitu kikisomwa kimeisha. Lile swali nililotumwa sikuliuliza. Niliona ni kama kumkosea adabu mgeni.

"Umesomwa!" nikatangaza nikiwa bado mlangoni. Mke wangu akanipikia chai ya maziwa mengi, na kesho yake akaanza kulima.

Mvua ikaja. Jioni moja redio ikasema mswada ule unangoja kusomwa mara ya pili.

Mke wangu akaweka mwiko chini. "Ya pili? Kwani ile ya kwanza walikuwa wamelala?"

"Labda hawakuelewa."

"Kama wewe."

Nikavaa koti tena, nikaenda ofisi ya mheshimiwa. Hakuwepo. Dada wa mapokezi alinieleza kwa upole kwamba baada ya mara ya pili kuna kamati, baada ya kamati kuna mara ya tatu, na kabla ya yote hayo bunge linaenda likizo.

"Na mvua je, dada?"

"Mzee wangu, mvua haiko kwa ratiba yetu."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana njia nzima, lakini wa kugombana naye alikuwa picha tu ukutani, akitabasamu. Nikaiaga ile picha. Dada akacheka, nami nikaenda zangu.

Nilimkuta mke wangu amemwaga sakafuni gunia letu la viazi vya kula, anachagua vilivyoota.

"Unapanda hivyo? Sasa sisi tutakula nini?"

"Mimi nitakula ugali. Wewe utakula mswada. Si umesomwa?"

Niliinama tukachagua pamoja. Vilitosha pembe moja ya shamba. Pembe zingine zimeota nyasi, na kondoo wa jirani wanashukuru. Mswada bado uko likizo.

Juzi tumesikia mheshimiwa atarudi uwanjani.

"Utaenda?" mke wangu akauliza.

"Nitaenda."

"Utauliza?"

"Nitauliza, hata kabla hajatupa pole."

Akanitazama mikono. "Na hiyo?"

"Hiyo nitaiweka mfukoni."