Wiki Ambayo Kaimu Alichapa Kazi Kupita Wiki Yenyewe

Wiki moja ina saa mia moja sitini na nane. Bosi wangu alifanya kazi saa mia mbili arobaini na moja ndani ya wiki moja, na mfumo ukathibitisha.

Msicheke kwanza. Nisikilizeni.

Nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya kutengeneza programu. Tuko sita, chumba kimoja, na feni inayozunguka ikijisikia. Meneja wetu tunamwita Kaimu, maana amekaimu hicho cheo miaka minne na hakuna mwenye haraka ya kumthibitisha.

Pale kila saa unayofanya kazi unaiingiza kwenye mfumo wa kusimamia miradi. Jina lako, kazi gani, muda gani, na maelezo mafupi. Mkataba wako ukiisha, Mama Mkurugenzi anafungua zile saa, anazisoma, anaamua kama unabaki au unafunga virago.

Mkataba wa Mama Pacha ulikuwa unaisha Jumatatu.

Huyo dada ndiye fundi wetu wa kweli. Ana mapacha wachanga na anawalea peke yake, kwa hiyo mchana yupo ofisini na kazi nyingine anamalizia nyumbani. Kosa lake ni moja. Alimsahihisha Kaimu mbele ya mteja, kwa adabu zote, na mteja akacheka.

Kaimu akaweka kinyongo.

Ijumaa akavuta kiti mezani kwangu. "Mdogo wangu, wewe si unaijua hii API?"

Kwa msioijua, API ni mlango ambao programu hupitia kuongea na mfumo. Badala ya kufungua rekodi moja moja kwa mkono, unatuma amri moja na rekodi chungu nzima zinabadilika.

"Naijua, bosi."

"Saa zote za Mama Pacha za wiki hii zibadilishe zisomeke mafunzo. Mama Mkurugenzi aone kwamba bado anajifunza."

"Lakini bosi, ile ni kazi. Naiona kwa macho yangu."

"Nimekuuliza maoni?"

"Basi mimi sigusi. Nitume kingine."

Damu ilinichemka, nisiwafiche. Mtu analea wawili kwa mkono mmoja, na mwingine anakaa kumtafutia namna ya kumkatia riziki.

Kaimu akasimama, akapandisha suruali. "Mnajifanya hivi vitu ni uchawi. Nitafanya mwenyewe."

Akajifungia kwenye kile chumba chake cha vioo. Tukamwona anasoma mwongozo huku midomo inacheza. Jioni akatoka anapiga mluzi.

Kumbe mwongozo kausoma juu juu. Hakutaja kwamba anataka rekodi za Mama Pacha tu, amri ikapita kwa ofisi nzima. Pia hakutaja rekodi ni ya nani. Na ule mfumo una sheria yake: ukisahihisha rekodi bila kumtaja mwenyewe, inahesabiwa ni ya aliyetuma.

Jumatatu tukakaa kikaoni, saa zetu za kazi zikaonyeshwa ukutani. Mimi, sifuri. Jirani yangu, sifuri. Mama Pacha, sifuri.

Nilimwona anashika ukingo wa meza.

Kwa Kaimu sasa. Saa mia mbili arobaini na moja, zote za mafunzo.

"Miaka minne," Mama Mkurugenzi akasema, "na bado unajifunza kiasi hiki?"

Hapo Kaimu alikuwa na njia mbili: akiri kwamba amechezea rekodi, au azimeze zile saa. Akazimeza.

"Mama, mimi huwa najitolea. Hata nyumbani nafanya."

"Wiki haina saa hizo."

"Mimi nina kasi, mama."

Mama Mkurugenzi akavaa miwani, akaanza kusoma taratibu. "Jumanne. Saa tatu. Maelezo yanasema: nimesimama kidogo kunyonyesha, nimerudi, naendelea." Akamgeukia. "Ulinyonyesha?"

Tuliinama wote. Jirani yangu alikuwa anauma mkono wa shati.

"Hiyo," Kaimu akajibu, jasho linamtiririka, "ni lugha ya kitaalamu, mama."

"Na huu mfumo wa malipo uliotengenezwa upya, nao ni kazi yako?"

"Yangu."

Alisema hivyo akimtazama usoni mwenye kazi. Hapo kicheko kikaniisha.

Mama Pacha akasimama. "Mama, zile ni saa zangu. Nimezifanya na mtoto mgongoni."

"Najua, mwanangu. Kaa."

Mama Mkurugenzi akafungua mkoba, akatoa mkataba. Upande wa ofisi ulikuwa umeshasainiwa.

"Rekodi ikibadilishwa, mfumo unaniletea ujumbe: nani kabadilisha, na ilikuwaje mwanzo. Nimeupata tangu Ijumaa. Nilichotaka leo ni kusikia mtu atasema nini."

Kaimu akaanza kukusanya karatasi zake.

"Mama Pacha, saini. Halafu nenda ukapumzike na watoto mwezi mzima, mshahara wako uko palepale." Akamgeukia Kaimu. "Kazi zake zote unazishika wewe. Umekiri mbele ya mashahidi kwamba ni zako, na kasi unayo."

Saa zetu nilizirudisha mimi, kwa amri moja, kila moja kwa mwenyewe.

Sasa ni wiki ya pili. Kaimu anaingia wa kwanza, anatoka wa mwisho, na ile kazi haijasogea hata kidogo. Jana alikuja mezani kwangu, mpole kama mgeni, akaniuliza hivi ule mfumo wa malipo unaanzia wapi. Nikamwambia mwenye kujua yuko likizo.

Funzo langu ni fupi. Ukitaka kumfuta mwenzako kazini, kwanza jiulize kama unaiweza kazi yake, kwa sababu kuna siku utaambiwa uifanye.