Mikono ya Msusi

Tangu chunjua zimwote mikononi, wateja wa jirani yangu msusi walimkimbia, kila mmoja na kisingizio chake. Za kulia ziligandishwa kliniki kwa baridi kali. Za kushoto alizipaka dawa mwenyewe na kuzibandika plasta, maana mikono yote ikivimba, nani atampikia mjukuu? "Tuone upi utapona kwanza," alikuwa akiniambia. Mtoto akimjia, yeye alikuwa akificha mikono mgongoni na kumwinamishia shavu. "Usinishike, mama. Nibusu hapa." Wa kushoto ulitangulia kupona; wa kulia ukafuata, polepole. Jana alipiga magoti mlangoni, akaikunjua mikono yote miwili, safi kabisa. "Njoo nikubebe!" Mtoto alikuja mbio, akasimama mbele yake, akaficha mikono mgongoni, akamwinamishia shavu.