Milango Kumi na Mmoja

Wenye bucha wa Kibondo hawamwelewi Kipriani. Kila mmoja anataka jina la bucha yake liandikwe kwa rangi nyekundu, naye huwaandikia kwa bluu au nyeusi. Anayeng'ang'ania huambiwa kwa upole akatafute fundi mwingine Kasulu. Wengi wanadhani ni mambo ya dini.

Alizaliwa Busunzu, akamaliza darasa la saba, akajifunza kuandika herufi kubwa kwa kunakili majina kwenye misalaba ya makaburi ya parokia. Kufikia miaka ya tisini maduka mengi ya Kibondo yalikuwa yameandikwa kwa mkono wake. Mwaka 1997, kipindupindu kilipoingia katika kambi moja ya wakimbizi wa Burundi, watu wa afya walimwita achore vibao: maji ya kunywa hapa, choo pale, zahanati kule. Kwa kuwa wengi kambini hawakujua kusoma, alichora picha. Kikombe chini ya bomba. Machela na mshale. Mtu aliyechuchumaa.

Huyo mtu wa choo ndiye aliyempatia umaarufu. Wanawake walisema amekaa kama padri anayesubiri watu waje kuungama. Mmoja wao, Esteri, alimwuliza kama huko kwao Busunzu watu huenda chooni wamevaa viatu vya misa. Kipriani alicheka, na kesho yake akarudi kuvifuta viatu.

Shida ilikuwa kwa wabeba machela. Nyumba zote zilifanana, kuta za udongo na turubai juu, hazina namba, na mara nyingi walizunguka mtaa mzima huku mgonjwa anaishiwa maji mwilini. Hakuna aliyemwagiza Kipriani afanye lolote. Aliwaza mwenyewe kwamba kila mlango wenye mgonjwa utiwe mstari mmoja mwekundu, unaoonekana kwa mbali, na mgonjwa akipona ufutwe. Asubuhi moja, watu wazima wakiwa kwenye foleni ya mgawo, alipita na kopo lake akatia alama milango kumi na mmoja. Mmoja ulikuwa wa Esteri, ambaye binti yake Nadine, mwenye miaka sita, alikuwa ameanza kuharisha usiku wa kuamkia siku hiyo. Wagonjwa na watoto walimtazama akipaka, wasiseme neno. Alidhani ni unyonge wa ugonjwa.

Saa nane mchana alirudi na Sylvesta, mbeba machela, naye mkimbizi kama wenzake. Mtaa ulikuwa mtupu. Kwenye jiko moja maharage yalikuwa bado yanachemka. Sylvesta aliitazama milango mmoja mmoja, akaweka machela chini.

"Fundi," alisema, "kule tulikotoka, mlango ukitiwa alama mchana, usiku unachomwa."

Kipriani aliutazama mlango wa Esteri. Kisha akamkumbuka Nadine. Kuharisha tangu usiku, bila maji ya chumvi na sukari, katika jua lile: mtoto yule asingefika jioni.

Waliingia msituni kwa njia ya wakata kuni. Njia ilipogawanyika walikuta tawi bichi limelazwa upande wa kushoto. Kipriani aliijua desturi hiyo tangu utotoni: anayetangulia huifunga njia asiyoifuata, ili wa nyuma wasipotee. Wakashika ya kulia. Mbele kidogo njia iligawanyika tena, na safari hii zote mbili zilikuwa zimefungwa. Sylvesta alidhani watu wamerudi. Kipriani akatazama katikati, akaona nyasi zimelala. Walikuwa wameacha njia, wakapenya porini.

Hapo ndipo alipoitazama mikono yake. Ilikuwa nyekundu hadi kwenye vifundo. Alijipangusa kwa majani, akajisugua kwa udongo, lakini rangi ya mafuta haitoki ila kwa mafuta ya taa. Ndani ya vichaka vile kulikuwa na wanaume wenye mapanga waliokimbia rangi hiyo hiyo, na yeye anawafuata nayo viganjani. Alitaka kurudi. Sylvesta hakumlaumu, naye alikuwa amesimama, haendi mbele wala nyuma.

Kipriani akaita kwa Kiha, ambacho Warundi hukielewa bila taabu. Alisema anakuja kwa amani, yeye na mbeba machela mmoja, hakuna mwingine. Akaita tena, akasema ndiye aliyechora choo.

Majani yakatikisika.

"Yule wa padri?" sauti ya Esteri iliuliza.

Aliyetokea kwanza ni Ndihokubwayo, kaka yake Esteri, panga mkononi. Alitaka kujua nani amemtuma kuhesabu nyumba za watu.

"Hakuna," Kipriani alisema. "Ni akili yangu mwenyewe. Nilitaka machela isipotee."

Ndihokubwayo aliitazama ile mikono. Nyuma yake Nadine alikuwa amelala juu ya kitenge, macho yamezama, hata kulia halii tena. Esteri aliitazama machela, kisha kaka yake.

"Atangulie yeye," alisema. "Kama ni mtego, umwanzie yeye."

Wakarudi hivyo, Kipriani mbele na viganja wazi, panga nyuma yake karibu kiasi cha kusikia pumzi ya mwenye nalo. Aliliogopa panga njia nzima. Lakini paa za kwanza zilipoonekana akaanza kuogopa kitu kingine. Je, kama kweli kuna mtu mbaya aliyeziona zile alama? Kwa mara ya kwanza aliiona milango ile kama walivyoiona wenyewe, na akapunguza mwendo mpaka Ndihokubwayo akamsukuma.

Nadine alitundikiwa dripu kabla jua halijazama. Waliposikia yu hai, wengine waliobaki porini nao walirudi mmoja mmoja. Kipriani aliisugua milango yote kumi na mmoja kwa mafuta ya taa, na matambara yalipomwishia akavua shati.

Machela bado ilihitaji alama. Safari hii aliuliza. Esteri, ameketi kando ya kitanda cha mwanawe, alisema isimikwe fito mlangoni na kufungwa jani bichi la mgomba. Kipriani alisita. Jani la namna hiyo, kwa Waha kama kwa Warundi, humwambia mpita njia kwamba nyumba hii inauza pombe.

"Watakuja walevi, Mama Nadine."

"Afadhali walevi," Esteri alisema.

Wakaja kweli. Wawili walibebeshwa machela.