Kidole Hakimfikishi Mgeni

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo uzee haujaweza kuninyang'anya. Ni asubuhi niliyoshuka kwenye mashua pale Ujiji, ng'ambo ya ziwa, kwa Waingereza, mimi msichana wa Wamaza, mashambani kule Kabambare, ambaye mji mkubwa kuliko yote aliokuwa ameuona ni Kasongo. Mkononi nilikuwa na mkeka uliokunjwa na kifurushi cha mchele na karanga.

Usije ukadhani nilikwenda kutembea. Wakati wa Wabeleji mtu hakutoka kwao hivi hivi. Ulitaka ruhusa ya Boma, na Boma ilitaka kujua nani atabaki kuvuna pamba yako. Nilikwenda kwa ajili ya dada yangu, Asha. Aliolewa na mchuuzi wa Ujiji aliyekuwa anakuja Kabambare kununua mchele, naye akamfuata mume kwao. Mwanzoni salamu zake zilitufikia kwa vinywa vya wasafiri. Baadaye zikapungua, kisha zikakatika. Mama akaanza kukataa chakula. Baba alikuwa ameshakufa, na kaka yetu alikuwa machimboni ambako hawakumpa nafasi ya kutoka. Nikabaki mimi. Niliandamana na wachuuzi kutoka Kabambare mpaka Baraka, mara kwa miguu, mara juu ya kamyo, yaani lori, ya magunia, na pale Baraka wao wakageuza. Ziwa nililivuka bila mtu wa kunijua.

Wazee wetu wanasema mgeni ana macho lakini haoni. Ndivyo nilivyokuwa. Niliona maduka, misikiti, watu waliovaa vizuri, na sikujua mguu niutupe wapi. Faranga zangu mwuza mihogo alizigeuza huku na huku, akanirudishia, akanipa muhogo mmoja bure. Kiswahili changu walikisikia, ila kiliwachekesha kidogo.

"Niko natafuta dada yangu," nilimwambia kila niliyekutana naye. "Jina yake Asha. Bwana yake iko mutu wa huku."

Wakauliza bwana huyo ni mwana wa nani. Nikataja jina, nalo pia lilikuwa jina la watu wengi. Kumtafuta Asha Ujiji, mwanangu, ni kama kumtafuta Mwavita, jina langu mimi, kule Kasongo: utaitikiwa kila nyumba. Lakini sitawasema vibaya watu wale. Hakuna aliyenifukuza. Mwenye duka alinielekeza juu kwa kidole, fundi wa cherehani akanielekeza chini, na mzee mmoja, mikono yake ikiwa na maji ya udhu, alinielekeza kwa kidevu. Nikamfikia Asha ambaye ni kikongwe. Nikamfikia Asha anayenyonyesha. Wangu sikumwona. Jua lilipokuwa utosini nilirudi ufukweni nilikoshuka, kwa kuwa ndipo mahali pekee nilipopajua, nikaketi juu ya mkeka wangu.

Pale palikuwa na mwanamke Muha, mpana wa mabega, waliyemwita Mama Bukuru. Alikuwa akianika dagaa, wale ambao sisi kwetu tunawaita ndakala. Ufukwe mbele yake ulikuwa unang'aa kama fedha. Bila kuacha kazi akaniuliza nimepotelewa na nini. Nikamweleza.

"Asha ni jina," akasema. "Jina kila mtu analo. Mikono yake inafanya nini?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikafikiri. "Anasuka vitunga," nikamwambia. "Na anatumia mukono wa kushoto."

Hapo akasimama wima. Akaanza kupita kwa wenzake, akiinua vikapu vyao vya samaki kimoja kimoja na kuviangalia ubavuni. Ukisuka kwa kulia, msuko unalala upande mmoja; ukisuka kwa kushoto, unalala upande mwingine. Nilikuwa nimekua na vitunga vya Asha nyumbani na sijawahi kuliona jambo hilo. Yeye aliliona papo hapo. Akainua kikapu kimoja, akanigeuzia. Msuko wake ulikuwa umelala kinyume cha vingine vyote.

Mwenye kikapu alisema alikinunua kwa mama mmoja mjane anayekaa juu, kwenye michikichi, nje ya mji. Akanyoosha kidole kuelekea huko. Mimi nikashukuru, nikajitwisha mkeka. Mama Bukuru akakung'uta mchanga mikononi, akajifunga kanga kiunoni na kutangulia.

"Mama Bukuru," jirani yake akamwita, "mvua hiyo."

Wingu lilikuwa limesimama juu ya ziwa, upande wa kwetu, jeusi kama chungu.

"Naiona," akajibu, wala hakugeuka.

Njia ile, mwanangu, peke yangu nisingeiweza. Ilijigawa katikati ya mashamba, ikapotea, ikazuka nyuma ya nyumba za watu. Kila ilipotufunga Mama Bukuru alipiga hodi, akauliza, tukaendelea. Mvua ilitukuta njiani, tukaendelea vilevile. Hatimaye tukaona kibanda chini ya michikichi, na mlangoni mwanamke mwembamba ameketi, anasuka kwa mkono wa kushoto.

Aliniangalia kama mtu anayeangalia moshi. Kisha akasema, "Mwavita. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," nikamjibu. "Mama anataka kusikia sauti yako."

Akafunika uso kwa mikono. Mume wake ndiye aliyekufa, na ndugu wa mume walikuwa wamechukua nyumba. Aliona haya kurudi mikono mitupu, akasema atasuka kwanza, apate kitu cha kumpelekea Mama. Na kila mwaka kitu hicho hakikupatikana. Tulishikana tukalia. Nilipoinua kichwa nimshukuru Mama Bukuru, alikuwa ameshashuka zake.

Kesho yake tulimfuata ufukweni, mimi na Asha. Tulimkuta anakusanya dagaa kwa jembe, maana walikuwa wamevunda. Majirani wote waliwahi kuwaanua wa kwao. Wa kwake, wengi mno na mwenyewe hayupo, mvua iliwapiga mpaka wakaharibika.

"Mama," nikasema, "ungenielekeza tu."

Akaegemea jembe. "Tangu ushuke mashuani, wangapi wamekuelekeza?"

"Wote."

"Na ulifika?"

Nikainama kuokota dagaa waliotawanyika.

"Dagaa wapo ziwani," akasema. "Watatoka wengine. Huyu ungemtoa wapi?" Akamtazama Asha, akatabasamu, akarudi kwenye kazi yake. Hakutaka tumsaidie mpaka Asha aliponyakua ungo bila kuomba ruhusa. Siku ile tulifanya kazi pamoja mpaka jioni, na sijawahi kukaa na mtu niliyemheshimu zaidi.

Nilirudi Wamaza na dada yangu. Mama hakumwuliza ameleta nini. Alimshika viganja, akavinusa kama mtu anavyonusa kichwa cha mtoto mchanga, akaomba ugali.

Sasa wewe unakwenda kwenye miji ambayo mimi sitaiona, na mfuko wako ni mwepesi kama ulivyokuwa wangu. Usione haya kuwa mgeni. Kuuliza si ujinga. Sema wazi unatoka wapi na unamtafuta nani. Na usitaje jina tu, taja na kazi ya mikono yake, kwa maana mtu hujulikana zaidi kwa hiyo. Ukikosa, usitangetange, rudi mahali unapopajua, upumue, uanze tena.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni hili: ipo siku na wewe utakuwa mwenyeji, na kazi yako itakuwa imeanikwa mbele yako, na mtu asiyejua pa kwenda atasimama hapo. Kidole ni rahisi, mwanangu, na hakina ubaya. Ila kidole hakijui kona. Inuka, umtangulie.

Mungu akukutanishe na watu wa kukutangulia, naye akufanye mmoja wao. Ukifika, upokelewe. Ukirudi, utukute tuko.